“Nimetubu usiku mwingi, mbona mzigo hautoki?”

Shikamoo Mama,

Bwana Yesu asifiwe. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, na nakiri kuna barua za watu nimewahi kuzicheka nikidhani yangu haitafika hapa. Leo imefika.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nina mke na mtoto mmoja. Niliokoka nikiwa sekondari. Kanisani naimba kwaya, wakati mwingine naongoza maombi, na kwa miaka minne nimekuwa mmoja wa watu wawili waliokabidhiwa mfuko wa ujenzi. Mwenzangu alikuwa kaka mmoja aliyenitangulia katika kazi hiyo, na ndiye aliyenifundisha: tunahesabu pamoja baada ya ibada, tunaandika kwenye daftari, tunasaini wote wawili, kisha fedha zinakaa kwenye sanduku mpaka siku ya kupeleka benki. Funguo zilikuwa mbili, wake na wangu.

Miaka miwili iliyopita nilianza kubeti kwenye simu. Mechi za wikiendi tu, kidogo kidogo. Nikala mara mbili tatu, nikaona mambo ni rahisi, kisha nikaanza kuliwa. Siku moja fedha za sanduku zilikuwa hazijaenda benki, na mimi nilikuwa nadaiwa. Shetani akanipitia, nikajikuta nimechukua kidogo, nia yangu ikiwa nirudishe Jumamosi mkeka wangu wa kubeti ukitiki. Mkeka ukachanika. Nikachukua tena ili nirudishe zile za kwanza. Mpaka mwisho ilikuwa imefika karibu mishahara yangu miwili ya mwezi.

Ulipokuja ukaguzi, fedha zikaonekana zimepungua. Wazee wa kanisa walituita wote wawili. Mwenzangu alikuwa katika kipindi kigumu, watu walijua ana madeni, kwa hiyo maswali mengi yalielekezwa kwake. Hakuna aliyemwita mwizi waziwazi. Baada ya muda aliacha kuja kanisani.

Mama, nimetubu. Sijui nikueleze vipi nilivyotubu. Nimefunga siku tatu bila kula. Nimelia mbele za Mungu sebuleni usiku mpaka mke wangu akaamka kuuliza kuna nini, nikamwambia ni mzigo wa maombi. Niliacha kubeti miezi miwili, nikarudi, nikaacha, nikarudi tena. Kila nikianguka natubu usiku uleule. Andiko la 1 Yohana 1:9 nimelikariri, na ninaliamini. Lakini nikisimama mbele ya watu kuongoza maombi, ulimi unakuwa mzito kama si wangu.

Nimefikiria njia. Nimeanza kukusanya zile fedha, zimebaki kidogo kutimia. Nataka niziweke kwenye bahasha isiyo na jina, niandike juu yake “Mfuko wa Ujenzi”, niitumbukize kwenye kapu la sadaka. Kanisa litapata chake, Mungu anajua, yaishe. Rafiki yangu mmoja, ambaye nilimweleza kwa kuzunguka kana kwamba ni habari za mtu mwingine, aliniambia dhambi ikishatubiwa Mungu ameitupa vilindini mwa bahari, na kuifukua ni kukosa imani. Mke wangu hajui lolote. Akijua, sina hakika kama nitabaki na ndoa.

Mama, kama Mungu amenisamehe, kuna ulazima gani wa kuwaambia wanadamu? Na kama amenisamehe, mbona sina amani?

Mwenye Mzigo

*

Marahaba, mwanangu. Asifiwe sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Ya pili nilikasirika. Ya tatu nikachukua kalamu nikapiga mistari chini ya maneno fulani, nami nitaanza na hayo.

“Shetani akanipitia.” “Nikajikuta nimechukua.” “Fedha zikaonekana zimepungua.” “Maswali mengi yalielekezwa kwake.” Lugha yetu ina huruma kwa mkosaji, inampa vitenzi vya kujifichia. Mtu hajikuti mkono umo sandukuni. Ulitafuta ufunguo, ukaangalia nyuma, ukafungua, ukahesabu, ukafunga, kesho yake ukamsalimia mwenzako. Na fedha zilizofungiwa kwa kufuli hazipungui zenyewe kama maji ya mtungi. Kisha uje kwenye aya ya toba, uone vitenzi vinavyobadilika: nimetubu, nimefunga, nimelia, nimelikariri. Kwenye kulia upo wewe mwenyewe kwa jina lako. Kwenye kuiba hayupo mtu.

Andiko ulilolikariri linasema “Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote.” Neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapo “kuungama” ni homologeo, na ukilichambua linakupa “kusema neno lilelile”. Yaani kuiita dhambi kwa jina ambalo Mungu anaiita. Sasa jaribu kuisema habari yako kwa namna hiyo, kwa sauti, ukiwa peke yako: Niliiba fedha za kanisa mara mbili au zaidi. Nilizichezea kamari. Mwenzangu aliposhukiwa nilikuwa nimekaa kando yake, nikanyamaza. Sentensi tatu. Usiku wote ule wa kulia sebuleni, uliwahi kuzisema hizo tatu zikiwa uchi namna hiyo? Nina mashaka. Mtu anaweza kulia sana mbele za Mungu ili asije akalazimika kusema.

Kitu kingine nilichohesabu. Machozi yako umeyapa aya nzima. Bahasha umeipa aya nzima. Yule kaka aliyekufundisha kazi umempa mistari michache, na wa mwisho unasema “aliacha kuja kanisani”, kama mtu aliyehama mtaa kwa sababu ya kazi. Hakuacha. Alifukuzwa na macho ya watu, na ufunguo wa kumtoa humo ulikuwa mfukoni mwako pamoja na ule wa sanduku. Hapo ndipo nilipokasirika.

Fedha ndizo sehemu nyepesi ya barua yako. Mshahara wa miezi miwili unalipika. Lile la kunyamaza mbele ya wazee ndilo zito, na ndilo hukulitaja kabisa miongoni mwa dhambi ulizotubu. Unauliza mbona huna amani baada ya kutubu. Nami nakuuliza, umetubu ipi?

Tuje kwa rafiki yako na vilindi vya bahari. Andiko analolitegemea ni Mika 7:19, na ni kweli tupu, Mungu huzitupa dhambi huko. Ila rafiki yako alihukumu kesi asiyoijua, maana ulimpa habari za “mtu mwingine”. Dhambi yako Mungu anaweza kuitupa baharini. Jina la yule kaka lenyewe liko nchi kavu, na watu bado wanalikanyaga.

Huenda mtu mwingine akakupelekea Zaburi ya 51, pale Daudi anaposema “Nimekutenda dhambi Wewe peke yako.” Wengi hujificha nyuma ya mstari huo. Basi uangalie na maandishi yaliyo juu ya zaburi hiyo, ambayo wasomaji huwa wanayaruka: ni zaburi ya mwimbishaji, ya wakati nabii Nathani alipomwendea Daudi. Wewe ni mwanakwaya, utanielewa haraka. Mfalme alizini, akapanga kifo cha mume wa mwanamke yule, kisha toba yake ikakabidhiwa kwa mwalimu wa kwaya iimbwe! Na neno lake la kwanza la kuungama, “Nimemfanyia Bwana dhambi”, alilisema mbele ya mwanadamu aliyekuwa amemnyooshea kidole chumbani. Uria alikuwa keshakufa, hakukuwa na mlango wake wa kwenda kugonga. Wa kwako yu hai.

Kabla ya Daudi kulikuwa na mfalme Sauli, naye pia alisema “nimefanya dhambi”. Soma 1 Samweli 15. Akaisema, na hapohapo akamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Maneno ya kuungama yalikuwa sahihi kabisa, lakini jicho lilikuwa kwa wazee. Bahasha yako isiyo na jina inanikumbusha yeye.

Na bahasha hiyo ina hatari ambayo nadhani hujaiona. Fikiri Jumapili ile inapofunguliwa. Wahesabu sadaka wanakuta kiasi kilekile kilichopotea, juu kumeandikwa “Mfuko wa Ujenzi”. Watasema nini? Watasema dhamiri imemsuta, amerudisha. Nani? Aliyeondoka! Wewe uliyebaki unaimba kwaya, nani atakufikiria? Mpaka leo yule kaka anashukiwa tu. Siku bahasha itakapotua kapuni, atakuwa ameungama kwa mkono wako kosa ambalo hakulifanya. Tafadhali, usiipeleke.

Torati ilikuwa na utaratibu kwa kesi kama yako. Walawi 6 inazungumzia mtu aliyedhulumu kitu alichokabidhiwa akakana. Anaambiwa arudishe chote kikamilifu, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe, na baada ya hapo ndipo alete mnyama wake kwa kuhani. Zingatia mfuatano: mwenye mali kwanza, madhabahu baadaye. Yesu naye mlimani alisema hivyohivyo, ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, “upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako.” Wewe umegeuza. Unakwenda madhabahuni kila usiku, na njia ya kwa ndugu yako umeiacha imeota nyasi.

Najua unachotaka kunijibu: Mama, basi unanirudisha kwenye sheria, nilipie msamaha wangu? Hapana, hata kidogo. Mwangalie Zakayo, yule mtoza ushuru aliyewadhulumu watu. Wengi humkumbuka kwa mti na kwa ile ahadi ya kurudisha mara nne. Lakini kabla hajaahidi hata senti, Yesu alikuwa keshasema atashinda nyumbani kwake. Ugeni ulitangulia, malipo yakafuata. Hakuna aliyemdai pale mezani, alisimama mwenyewe. Mtu aliyepokelewa bure ndiye anayepata nguvu ya kufungua daftari la madeni bila kutetemeka. Kama msamaha ungekuwa wa kununua, nisingekushauri uende kwa yeyote, ningekwambia ukakope.

Kuhusu amani. Daudi anasema katika Zaburi ya 32, “Niliponyamaza mifupa yangu imechakaa, kwa kuugua kwangu mchana kutwa.” Ulimi wako mzito wakati wa maombi naamini ni wa ukoo huo. Wapo wasomaji wangu wengine ambao walikwisha ungama, wakarudisha, wakaomba radhi, na bado wanajichapa miaka kumi. Hao nawaambia waache, jambo limekwisha. Wewe sikwambii hivyo. Kukosa amani kwako ni wema wa Mungu, na ningeogopa zaidi kama ungeniandikia kwamba unalala vizuri.

Ngoja nikusimulie yangu, maana si haki kukupiga mistari wewe peke yako.

Nilipokuwa mwalimu kijana, rejesta ya darasa langu ilipotea. Nilimshuku mwanafunzi mmoja msichana, kwa sababu siku iliyotangulia nilimwandika utoro. Nikamwadhibu mbele ya wenzake, nikamwita na mama yake. Wiki mbili baadaye nikaikuta rejesta kwenye mfuko wangu wa zamani, katikati ya madaftari ya kusahihisha. Nilikaa kitandani nimeishika. Kisha nikairudisha ofisini, nikasema imeonekana. Imeonekana! Unaona, nami nilikuwa na kitenzi changu.

Nilitubu kwa Mungu, kwa machozi kama yako. Ilinichukua miaka kumi na moja kumtafuta yule binti. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa fimbo na kwa aibu ya mbele ya darasa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema fimbo alikuwa amezisahau. Alichokuwa hajasahau ni kwamba siku ile walipofika nyumbani, mama yake hakumwamini, na tangu hapo hakuwahi kumwamini vizuri tena. Na mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kama ningekwenda mwaka mmoja mapema, ningemkuta.

Sikusimulii ili ulie tena. Nakusimulia kwa sababu mbili. Uliyemkosea anajua jeraha lake kuliko wewe, kwa hiyo ukifika kwake usimfundishe alivyoumia. Na pili, usingoje fedha zitimie.

Sasa kazi yenyewe.

Hukuniambia kama bado unashika ufunguo wa sanduku. Kimya chako kimeniambia. Urudishe kesho, na kwaya na kuongoza maombi uombe kupumzika. Bado hujalazimika kueleza sababu yote siku hiyo, lakini usiguse sadaka ya mtu tena, hata kuihesabu.

Mke wako ndiye wa kwanza kuambiwa. Unaogopa ndoa, nakuelewa. Lakini habari hii itatoka, na kuna njia mbili tu za yeye kuipata: kutoka mdomoni mwako akiwa amekaa kwake, au kutoka kwa mtu mwingine mlangoni pa kanisa. Mwambie yote kwa mara moja. Wakosaji wengi hukata ukweli vipande, leo kubeti, wiki ijayo fedha, mwezi ujao yule kaka, na kila kipande kinakuwa usaliti mpya. Mwambie pia kwamba ile “mzigo wa maombi” ilikuwa uongo. Hilo dogo litamuuma kuliko unavyodhani, maana usiku ule aliamka kwa kukujali. Kisha mpe nafasi ya kukasirika bila wewe kuanza kulia ili akubembeleze.

Halafu nenda kwa yule kaka. Nenda kwa miguu yako, usimtumie ujumbe wa simu. Usimwombe akutunzie siri. Huko ni kumbebesha mzigo wako juu ya ule aliobeba tayari. Mwambie siku gani unakwenda kwa wazee, na iwe kesho yake au siku inayofuata. Ukimwomba radhi, neno “kama” lisikanyage hapo. “Nisamehe kama nilikuumiza” ni kumtupia swali aliyeumia. Na msamaha usiudai siku hiyohiyo kana kwamba ni chenji yako. Anaweza kukupa, anaweza kukuambia utoke. Vyote viwili ni haki yake.

Kwa wazee peleka karatasi. Kaa na kumbukumbu zako, andika tarehe na kiasi kwa kadiri unavyokumbuka, jumla chini, na ulichokwisha kukusanya. Nenda nacho mkononi hata kama hakijatimia. Mimi ningekushauri ile sehemu ya tano ya Walawi uiongeze, si kwa sababu tuko chini ya sheria hiyo, ila mkono uliozoea kupunguza hufaidika kujifunza kuzidisha. Waambie wazi kwamba yule mwenzako hakujua lolote, na waombe walisafishe jina lake palepale lilipochafukia: kama alihojiwa kwenye kikao, kikao hichohicho kirekebishe, kama minong'ono ilifika kwa washirika, basi na washirika waambiwe hakuhusika. Kuungama kuna kipimo, nacho ni upana wa madhara. Habari za mikeka yako na madeni yako hazihitaji kusimuliwa madhabahuni mbele ya watoto. Usafi wa jina lake unahitaji.

Wanaweza kukuweka chini ya nidhamu ya kanisa. Wanaweza kulifikisha jambo kwenye sheria. Sikufichi. Usiende ukiwa na masharti mfukoni, nitasema iwapo mtaahidi hiki na kile. Mtu anayejadiliana bei anapoungama bado yuko sokoni.

Na chagua wa kwenda naye. Nasema hivi kwa sababu ya mtu mmoja ambaye mahubiri mengi humpita haraka. Yuda Iskariote alijuta, akasema wazi “nalikosa”, akarudisha vile vipande thelathini vya fedha, vyote. Ukitazama kwa macho ya haraka, alifanya mengi kuliko Petro, yule aliyemkana Yesu. Lakini aliungama kwa watu wasiojali, wakamjibu “haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe”, akatoka peke yake na majuto yake, akaishia pabaya. Petro alilia sana, ila asubuhi zilizofuata alikuwa bado yuko na wenzake. Kama majuto haya yamewahi kukunong'oneza kwamba ni afadhali usingekuwepo, weka barua hii chini sasa hivi, mwamshe mke wako au mtu mwingine unayemwamini umwambie hilo kwanza. Mengine yatasubiri.

Mtu wa kusikiliza awe anayejua kufunga mdomo. Wakatoliki wana kitubio, na tangu Mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, iliandikwa kwamba padre atakayefichua alichoungamiwa aondolewe huduma yake na kufungiwa monasteri maisha yake yote afanye toba. Hata kama kanisa lako halina utaratibu huo, roho ya kanuni ile uichukue. Yakobo anasema “Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa”, wala hakusema umwendee yeyote mwenye masikio.

Sasa kubeti, ambako mwenyewe umepapitia kama jambo la pembeni. Mithali 28:13 ina miguu miwili: “aziungamaye na kuziacha atapata rehema.” Wewe umesimama mguu mmoja muda mrefu. Agostino, askofu yule wa zamani wa Hippo, alikiri kwamba ujanani alikuwa akimwomba Mungu ampe usafi wa moyo, lakini si sasa hivi. Programu ya kubeti bado iko kwenye simu yako? Basi sala yako ni hiyohiyo ya Agostino.

Ifute mbele ya mke wako. Omba akaunti yako ifungwe kabisa, siyo kusitishwa. Kwa miezi kadhaa mshahara upitie mikononi mwake, hata kama itakuudhi kuomba nauli. Tafuta mwanamume mmoja aliyekomaa ambaye kila Jumapili jioni, mechi zikiwa zimekwisha, atakuuliza swali moja tu: umebeti? Nawe umjibu ndiyo au hapana, bila hadithi. Jihadhari hasa na ile sauti ya kurudisha kilichopotea jana, maana ndiyo iliyokupeleka sandukuni mara ya pili; hukuchukua kwa tamaa ya utajiri, ulichukua ili kuziba shimo, na shimo la kamari huchimbwa kwa jembe hilohilo unalodhani unafukia nalo.

Na usiiache nyumba tupu. Yesu alisimulia pepo aliyetoka, akarudi akaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa lakini haina mtu, akaleta wengine saba. Miezi yako miwili ya kuacha ilikuwa nyumba iliyofagiwa. Paulo anawaandikia Waefeso kwamba mwibaji asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake, “apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji.” Hakuishia kwenye kuacha. Saa zile za Jumamosi mchana ambazo mwili wako umezizoesha mikeka, zipe kazi ya mikono yenye jasho, na kitakachopatikana kwanza kimalize deni, kisha kianze kutoka kwenda kwa mtu mwingine.

Ukianguka tena, na inawezekana, usisubiri usiku, usisubiri Jumapili. Mwambie yule mtu wako siku hiyohiyo, kabla hujaanza kuipamba. Martin Luther, yule mwanamageuzi wa Kijerumani, alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, ya kwanza kabisa ilisema kwamba Kristo alitaka maisha yote ya waaminio yawe ya toba. Alikuwa na maana ya kugeuka kila siku, siyo kulia kila siku.

Najua utafika mlangoni kwa yule kaka na maneno yote haya yatakimbia. Basi beba haya machache: “Fedha zile nilichukua mimi. Ulipohojiwa nilikuwa pale nikanyamaza. Kesho nakwenda kuwaambia wazee. Nimekuja ujue kabla yao.” Kisha nyamaza, umwachie yeye zamu ya kusema. Akikuuliza mbona umechelewa hivi, usianze na shetani.